Usimpandishe Haraka

Keroka leo ni ukungu na baridi, nimeshika kikombe changu cha chai, na nataka kukuambia habari za bahari, ambazo sisi watu wa milimani hatuzijui sana.

Hivi majuzi nilikuwa Mombasa kwa mkutano wa wachungaji. Kuna kijana wa kwetu Nyamira, nilimbariki akiwa mtoto mchanga, siku hizi kazi yake ni kuongoza watalii wanaopiga mbizi. Alinionyesha kwa kidole upande wa Bamburi, mahali ambapo meli inayoitwa MV Dania imelala chini ya maji. Ilizamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki. Urefu wake ni kama mita 80, na imelala karibu mita 30 chini. Watu wanalipa pesa wakaitazame! Kwetu mtu akizama Gucha tunapiga nduru, kumbe wako wanaozama kwa raha. Akaniambia hapo Mombasa maji ni ya joto, hiyo ni rahisi. Kuna wengine huzama kule Scapa Flow, Scotland, kutazama meli za kivita ambazo Wajerumani walizizamisha wenyewe tarehe 21 Juni 1919, na maji ya huko ni baridi kuliko hii ya Keroka.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo kushuka ndiko kugumu?"

Akacheka. "Hapana, Pastor. Kupanda ndiko kunaua."

Ukiwa kule chini, maji yanakukandamiza, na hewa ya mtungi inaingia mwilini mwako, hasa naitrojeni. Ukipanda polepole inatoka yenyewe kwa pumzi. Ukipanda kwa kasi, inakuwa kama soda iliyotikiswa halafu ukafungua kifuniko: mapovu kwenye damu, kwenye viungo, hata kwenye uti wa mgongo. Mtu anaweza kupooza akiwa ameshafika juu, kwenye jua. Ndiyo maana wao hupanda kama mita 9 kwa dakika, si zaidi, na wakifika mita 5 wanasimama dakika 3. Wanaona mwanga. Wanaona tumbo la mashua pale juu. Lakini wanangoja, na mwenzake yuko kando yake, hamwachi.

Mpendwa, nilinyamaza kabisa. Nilikuwa nimemkumbuka ndugu mmoja.

Huyu alikuwa mchumaji wa majani chai, na chang'aa ilikuwa imemmaliza. Mungu akamtoa. Alilia madhabahuni mpaka mama yake akalia. Wiki mbili baadaye, mimi huyu nilimpa maikrofoni kwenye mkutano wa injili sokoni, atoe ushuhuda. Watu wakashangilia. Makanisa mengine yakamwita. Mwezi wa tatu nikamfanya kiongozi wa vijana. Hakuna aliyekuwa akimtembelea jioni, ile saa ambayo zamani alikuwa akienda kunywa. Mwezi wa tano tulimwokota kwenye mtaro karibu na kituo cha kununulia majani, na wale waliomshangilia ndio waliocheka.

Nilihubiri kwamba shetani amemrudisha. Sikusema kwamba mimi ndiye niliyempandisha kwa kasi, kwa sababu ushuhuda wake ulijaza viti vyangu.

Na Biblia nilisoma chuoni! 1 Timotheo 3:6 inakataza jambo hilihili. Paulo mwenyewe, baada ya kukutana na Bwana njiani, alikwenda Arabuni, na ilipita miaka 3 kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Soma Wagalatia 1:17-18. Hata Lazaro alitoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda, na Yesu akawaachia watu waliokuwa pale kazi ya kumfungua.

Wewe unayesoma, labda uko na kijana nyumbani aliyeacha pombe juzi, na tayari unamuuliza ataoa lini, atajenga lini. Ama ni wewe mwenyewe umetoka shimoni mwezi jana, na unajilaumu kwamba bado hujafika. Ngoja hapo mita 5. Mwanga unauona.

Niliporudi nilimtafuta yule ndugu nikamwomba msamaha, mbele ya mama yake. Jumapili iliyopita alikuja, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Sikumtaja. Jioni nilipita kwake, tukala viazi vitamu, tukaongea habari za ng'ombe wake mpaka giza likaingia.