Karibu Elwak, Uonje Suusa

Mpenzi msomaji, huenda kwenu mnajua busaa, muratina au mnazi, na umewahi kuona jinsi kinywaji kinavyofunikwa na kuachwa kichachuke. Ukifika Elwak, katika Kaunti ya Mandera, usiulizie hivyo. Huu ni mji wa Waislamu. Hata hivyo, ufundi wa kuchachusha upo, na ni wa tangu jadi. Hapa huchachushwa maziwa ya ngamia, na kinywaji chenyewe huitwa suusa.

Elwak iko kati ya Wajir na Mandera, mpakani na Somalia. Jina lake lina maana ya visima vya Mungu, na visima ndivyo vilivyowavuta wafugaji hapa. Kabla ya kufunga safari, ulizia hali ya usalama, kwani barabara hii imewahi kushuhudia mashambulizi.

Kwa nini maziwa yachachushwe? Wakati wa kiangazi ngamia hupelekwa malishoni mbali sana na mji, na maziwa husafiri saa nyingi juani bila barafu. Yakichachuka vizuri hudumu kwa siku kadhaa. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na ng'ombe wengi wakafa. Ngamia walistahimili zaidi, na kikombe cha maziwa yao kikawa chakula cha mtoto.

Wenye ujuzi huu ni akina mama wauza maziwa. Wasalimie kwanza, ukae, ndipo uulize. Wakati wa ukame usibishane sana juu ya bei. Mwombe mama akuonyeshe anavyofukiza chombo: kijinga cha moto hutiwa ndani, chombo hufunikwa na kutikiswa, kisha majivu hufutwa. Moshi huo huzuia baadhi ya vijidudu na huyapa maziwa harufu yake. Zamani kila nyumba ilikuwa na dhiil, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi. Siku hizi madebe ya plastiki yameenea. Ni mepesi kubeba, lakini shingo yake ni nyembamba na kuyasugua ndani ni kazi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, si lazima usafiri. Jijini Nairobi, maziwa ya ngamia kutoka Isiolo huuzwa Eastleigh. Fanya hivi:

Kwanza, yachemshe. Wenyeji wengi huyatumia mabichi, lakini maziwa mabichi yanaweza kukuambukiza homa ya brusela.

Pili, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha uyamimine katika kibuyu safi kilichofukizwa.

Tatu, tia vijiko vichache vya suusa nzuri iliyotangulia. Hiyo ndiyo mbegu, kwa maana kuchemsha kumeua vijidudu vilivyokuwamo, vibaya na vizuri.

Nne, funika, uweke mahali penye joto kwa siku moja au mbili.

Usitarajie mgando mzito kama wa maziwa ya ng'ombe. Ya ngamia hayagandi hivyo. Suusa hubaki nyepesi, chachu, yenye harufu ya moshi. Ikitoa uvundo au ukungu, imwage bila huruma.

Mbegu ni vigumu kuipata dukani. Utapewa na mama aliyekuuzia maziwa, naye hampi asiyemjua. Basi, msomaji, anza kwa salamu.