Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Gari la kwetu nyumbani ni Toyota Corolla ya mwaka 1993, ile ya nyuma ndefu. Limenizidi umri kwa zaidi ya mwongo mmoja, nami huliheshimu kama mtu wa rika la wazazi wangu. Ndilo linalobeba kabeji, nyanya na pilipili hoho za mama kutoka Werugha, kupitia Wundanyi na Mwatate, hadi soko la Voi. Wanaoijua barabara ya milima ya Taita wanazifahamu kona zake: upande huu jabali, upande ule bonde. Kwetu sisi, gari likilala, karo nayo hulala.

Likizo ya Aprili iliyopita nilikuta gari limeanza kulalamika. Kwenye mashimo liligonga ko! ko! upande wa kushoto mbele. Mama akikata kona kali, lilitoa mlio kama wa mtu anayevunja kuni kavu: ta-ta-ta-ta! Mama akalipeleka katika gereji moja. Fundi aliliendesha hatua chache, akashuka, akaandika karatasi: shoki mbili, boljointi mbili, bushi zote, taironi mbili, beringi mbili na ekseli zote mbili. Jumla pamoja na ufundi ilikuwa shilingi 41,500. Hakuinama hata mara moja kutazama chini.

Mama aliikunja ile karatasi kimyakimya akaifunga katika pindo la kanga. Nilijua hesabu anayoipiga. Zilikuwa zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe.

Bahati nzuri mjomba, aliyetengeneza malori Mombasa kwa miaka mingi, alikuwa amekuja kututembelea. Mama alimpa ile karatasi.

"Kaka, nimeambiwa nibadilishe mbele yote."

Mjomba akaisoma, akacheka kidogo. "Dada, tangu lini mgonjwa akaandikiwa dawa kabla hajapimwa?"

Kesho yake asubuhi tulilisimamisha gari pahali pagumu na tambarare, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kabla ya kuniruhusu nishike chochote, mjomba alinipa sheria moja: "Jeki ni ya kuinulia, si ya kumlinda mtu. Gari lililosimama kwa jeki peke yake, usiingize hata kichwa." Tukaliegemeza juu ya stendi za chuma, na kila gurudumu tulilofungua tukalisukuma chini ya ubavu wa gari, liwe akiba ikiwa stendi itateleza.

Hapo ndipo upimaji ulipoanza, nao ndio nilionao wa kukusimulia, kwa kuwa kufungua na kufunga nati hata mtoto anaweza kufundishwa. Kazi ni kujua ni nati ipi.

Kwanza, kabla ya kuinua gari, tuliibonyeza kila pembe ya mbele kwa uzito wetu na kuiachilia. Ilipanda mara moja, ikatulia. Ingalirukaruka kama mtoto kitandani, shoki zingekuwa zimekwisha. Basi shoki zikaponea hapo. Pili, gari likiwa juu, nililishika gurudumu la kushoto juu na chini, nikalitikisa. Likacheza.

"Dada, hebu kanyaga breki," mjomba akasema. Mama akakanyaga. "Tikisa tena, mjomba." Nikatikisa, bado likacheza. "Umeona? Ingekuwa beringi, breki ingeufunga mchezo huo. Hiyo ni boljointi."

Boljointi, msomaji, ni kifundo chenye tufe dogo la chuma linalozunguka ndani ya kikombe chake, mfano wa nyonga ya binadamu. Ndicho kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini unaolishikilia. Mjomba aliingiza mtaimbo hapo, akainua kidogo, na kifundo kikapanda na kushuka mbele ya macho yetu. Cha kulia nacho kilikuwa kimeanza kulegea. Tatu, tulilishika gurudumu kushoto na kulia: kimya. Taironi zikapona. Nne, tulimulika bushi za mikono ya chini, na mipira yake ilikuwa imepasuka kama nyayo za mkulima wakati wa kiangazi.

Ule mlio wa kuni kavu je? Corolla hii huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ekseli zake zina vifundo vinavyopinda. Aliyebuni aina hii ya kifundo ni mhandisi Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920: matufe sita ya chuma ndani ya kizimba, ili ekseli izungushe gurudumu kwa mwendo ule ule hata likiwa limekatwa kona. Kifundo hiki huishi ndani ya mfuko wa mpira uliojaa girisi. Mfuko wa kushoto ulikuwa umechanika. Girisi imetoka, mchanga umeingia. Mfuko wa kulia ulikuwa mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mfuko wa mpira wa bei ndogo ungebadilishwa mapema, kifundo cha chuma kisingesagika.

Karatasi ya gereji ikawa imepunguka zaidi ya nusu. Tulinunua Voi boljointi mbili, bushi za mikono miwili, na kifundo cha nje cha ekseli ya kushoto pamoja na mpira na girisi yake nyeusi. Pamoja na nauli, na ujira wa fundi wa jua kali aliyetushindilia bushi kwa presi, tulitumia shilingi 13,800.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Nati kubwa ya ekseli, ya spana namba 30, tuliilegeza gurudumu likiwa bado chini na mama amekanyaga breki. Iligoma kama punda. Mjomba akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, nami nikaikumbuka fizikia: nguvu ile ile, ikisukuma mbali na mhimili, huzaa mzunguko mkubwa zaidi. Ikalia kwii! ikalegea. Boljointi nayo haitoki kwa kuvutwa. Huachia pale chuma kilichoibana kinapogongwa ubavuni kwa nyundo nzito, pigo moja au mawili ya uhakika.

La kukumbukwa zaidi ni la bushi. Nilitaka kuzikaza bolti za mikono gari likiwa bado juu. Mjomba akanishika mkono. "Wacha kwanza. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, gari likishuka mpira utajipinda, na utapasuka kabla ya mwaka. Ziachie kidogo, tulishushe likae kwa uzito wake, ndipo ukaze." Pini za kuzuia nati zisifunguke tulitia mpya, za zamani hazirudishwi.

Ile boljointi ya kushoto ilipotoka, mjomba aliitia katika kiganja cha mama. Mama akaligusa tufe kwa kidole, likalala upande bila ubishi. Kwa mkono wake mwingine alionyesha mteremko wa kwenda Mwatate, asiseme neno. Tufe lile lingechomoka kwenye kona, gurudumu lingejikunja chini ya gari, na usukani ungebaki pambo tu mikononi mwake. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa hatukuwa tukiokoa shilingi peke yake.

Jumatatu mama alilipeleka gari Voi likapimwe mnyoosho wa magurudumu, akarudi jioni na kreti tupu. Kimya ndani ya gari kilikuwa kitamu. Ile tofauti ya shilingi 27,700 ililipa karo ya muhula, ikabaki na masurufu.

Sikuandika haya ili kila mwanachama wa Chama cha Kiswahili akimbilie spana za baba yake. Asiye na stendi wala mtu wa kumwelekeza, na aende kwa fundi. Lakini aende akiuliza: "Nionyeshe kinachocheza." Fundi mwema ataliinua gari, atalitikisa gurudumu mbele yako, na utaona kwa macho yako mwenyewe. Anayeandika orodha akiwa amesimama wima, mshukuru kwa adabu, ukatafute mwingine. Na wewe uliye na gari kuukuu nyumbani, usiongeze sauti ya redio ili usisikie ko! ko! ya chini. Simamisha, inama, utazame. Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini likizibwa mapema hufika bandarini.