Sehemu Mbili, Jina Moja

Wengi wenu mwadhani kompyuta ni ya kuchezea michezo na kupigia chapa barua tu. Mimi nilionja upande wake mwingine muhula uliopita, na nusura unikoseshe rafiki.

Mimi na mwenzangu tulijiandikisha kwa maonyesho ya sayansi. Tulitumia kompyuta kuukuu ya mjomba, ile ya DOS, na lugha ya asembli ya chipu ya 8086, iliyotolewa na Intel mwaka 1978. Kazi tukagawana. Mimi niliandika faili ya kujumlisha alama za mtihani. Yeye akaandika ya kugeuza jumla iwe tarakimu za kuonekana kwenye skrini, maana asembli haikufanyii hata hilo! Kila faili ilipita kwa asembla bila kosa. Kuja kuziunganisha, linka ikakataa katakata.

Basi maneno yakaanza. "Yako ndiyo mbovu!" "Ati yangu? Angalia yako!" Siku mbili hatukupitiana asubuhi kwenda shule, na maonyesho yamebakisha siku nne.

Mjomba hakutaka kesi yetu. "Leteni ramani," akasema. Linka huweza kuandika ramani ya mahali kila sehemu ya programu inapoanzia na kuishia. Lo! Jina CODE lilikuwa mle mara mbili. Linka hushikanisha sehemu zenye jina moja na aina moja, lakini sharti ziandikwe PUBLIC. Yangu iliandikwa hivyo. Ya mwenzangu, aliyoifuata kitabuni, haikuandikwa, ikahesabiwa ya faragha. Na wito wangu ulikuwa wa karibu, usiovuka mpaka wa sehemu.

Neno hilo moja likaongezwa, na ramani ya pili ikawa na CODE moja. Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: sehemu yangu ilikuwa baiti 37, lakini yake ilianzia 48! Kumbe, kwa kawaida, kila kipande hungoja namba inayogawanyika kwa 16, hivyo baiti 11 zilikaa bure. Hata anwani alizohesabu yeye toka sifuri, linka ilizisogeza yenyewe.

Skrini ikaandika 412. Mwenzangu hakusema neno, ila kesho yake alfajiri nilimsikia akipiga mbinja langoni kwetu.

Juzi ameniuliza: je, sehemu zikishikana zikapita baiti 65,536? Nikamwambia huo ndio mwisho wa sehemu moja. Itabidi tuzitenge na kutumia wito wa mbali. Ameshaanza faili ya tatu.