Kutoka Zimwi hadi Mlamajivu: Kumbukumbu za Mnyama wa Kubuni Turiani

Mnyama wa kubuni ni kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwona, lakini ambaye chakula chake, makazi yake na namna ya kumuua hujulikana na wote wanaomsimulia, na kwa sababu hiyo ana historia yake kama alivyo nayo tembo au chui. Katika Turiani, mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, ulio chini ya milima ya Nguru, historia hiyo inaweza kufuatwa ndani ya umri wa mtu mmoja, tangu zimwi la ngano za jikoni mpaka mnyama wa sayari ya mbali aliyechorwa kwenye kadi ya mchezo wa mezani. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alilelewa huko, kati ya miwa ya Mtibwa na msitu wa mlimani, na hapa anaeleza mabadiliko hayo kama alivyoyashuhudia.

Zimwi la ngano za Kibantu hutofautiana na simba kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba halitafuni: humeza watu wazimawazima, wao na mbuzi wao na vyungu vyao, na waliomezwa huendelea kuishi tumboni wakisubiri kutolewa. Umbo si hoja. Kwa Washambaa wa Usambara, kaskazini mwa Turiani, mmezaji ni boga, na ngano hiyo imo katika kitabu cha Alice Werner kuhusu visasili vya Wabantu kilichotoka mwaka 1933. Bibi wa mwandishi, aliyesimulia kwa Kinguu na kuhamia Kiswahili pale tu wajukuu wa mjini walipokuwapo, hakulieleza zimwi lake hata siku moja lilikuwa na macho mangapi au rangi gani. Aliliingiza katika hadithi kwa kuparuza ungo kwa kucha, taratibu, mparuzo mmoja kwa kila hatua, mpaka watoto waliokuwa wakisukumana wakanyamaza wenyewe.

Sehemu iliyosubiriwa zaidi, hata hivyo, haikuwa ujio wa zimwi bali kifo chake, kwa kuwa zimwi likishauawa kidole chake kilikatwa na waliomezwa wakatoka mmoja baada ya mwingine. Kwanza walitoka kuku, kisha mbuzi, kisha watu, na watoto waliruhusiwa kutaja majina ya wale waliotaka watoke, wakiwamo ndugu waliohamia Dar es Salaam na jirani aliyegombana na familia. Usiku mmoja mtoto alimtaja babu yake aliyezikwa mwezi uleule, na bibi akamtoa naye bila kusita, akiwa na fimbo yake na kofia yake, hadithi ikaendelea.

Mwandishi alipofika sekondari alikutana na mnyama wa namna nyingine, naye ni nunda wa hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa mwaka 1870 katika mkusanyiko wa ngano za Unguja uliotayarishwa na Edward Steere. Nunda ni paka wa sultani aliyeachiwa ale mifugo kwa hoja kwamba mlaji na mliwa wote ni mali ya bwana mmoja, akakua kwa kuachiwa huko hata akawa mla watu. Kijana anayekwenda kumsaka hajui sura yake, hivyo anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, mdogo hadi mkubwa, na kila mara mama yake anamwambia kwamba huyo siye. Hapa mnyama wa kubuni anatambuliwa kwa kuondoa wale wasiokuwa yeye, na hiyo ni njia ya elimu ambayo mwanabayolojia yeyote angeitambua. Lakini nunda akishakufa, hakuna anayetoka tumboni.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya kushangaza kidogo. Afisa wa kikoloni William Hichens, aliyewahi kufanya kazi Lindi, aliandika mwaka 1937 kuhusu mngwa, jina jingine la nunda, akimchukulia kuwa huenda ni mnyama halisi ambaye sayansi haijampata, mwenye manyoya ya kijivu na ukubwa wa punda. Paka wa sultani alikuwa amepewa kipimo. Mwandishi anaona kwamba hapo ndipo njia ya kuelekea kwenye kadi ilipofunguka, ingawa Hichens mwenyewe hakuwa na mchezo wowote akilini.

Mchezo unaozungumziwa ni ule ambao wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijipa mhusika, huku msimulizi mmoja akieleza wanakopita na dadu zikiamua nani amepiga na nani amekosa. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Baadhi ya wanyama wake walitokana na vinyago vya plastiki vya bei nafuu ambavyo Gygax alivinunua dukani, kimoja kikawa mnyama anayegeuza chuma kuwa kutu na kukila. Kila mnyama ana kadi au ukurasa wake unaotaja ugumu wa ngozi yake na pointi za uhai, yaani kiasi cha madhara anachoweza kukistahimili kabla ya kufa.

Mpwa wa mwandishi, anayecheza na wenzake wikendi kwa dadu yenye pande 20, alikuja siku moja na ombi: "Mjomba, tunataka mnyama wa sayari nyingine, ila asifanane na wa sinema." Walitengeneza mnyama huyo kwa vitu vya nyumbani. Pembe mbili za puani zilitoka kwa kinyonga wa milima ya Nguru. Uzazi ulitoka kwa vyura wadogo wa misitu ya Uluguru na milima jirani, ambao hawatagi mayai majini wala hawapitii hatua ya kiluwiluwi, kwa kuwa jike huhifadhi watoto mwilini na kuwazaa wakiwa vyura kamili, jambo linalofaa kwa sayari isiyo na madimbwi. Chakula kilitoka kwenye mashamba ya miwa, ambayo huchomwa kabla ya kukatwa, na majivu yake meusi, membamba kama nywele, huelea hadi mjini na kutua juu ya mashuka yaliyoanikwa. Sayari ikapewa mvua ya majivu, na mnyama akaitwa Mlamajivu, kwa mfano wa mla watu.

Kwa upande wa elimu, Mlamajivu anamshinda zimwi kwa mbali, kwani watoto waliomchora walilazimika kujua kinyonga na chura wa milima yao, viumbe ambao bibi aliwapita bila kuwatazama. Alipewa pointi 40. Katika mchezo wa kwanza alikufa zamu ya tatu, baada ya msichana mmoja kutupa dadu ikaonyesha 20, na wachezaji wakageukia safari nyingine mara moja. Mwandishi, aliyekuwa ameketi pembeni, aliuliza ni akina nani waliokuwa tumboni, akajibiwa kwa heshima kwamba kadi haina sehemu ya jambo hilo.

Sehemu hiyo sasa ipo. Imeandikwa kwa kalamu ya wino chini ya pointi za uhai, neno moja, Waliomezwa, na mbele yake nafasi ya majina, na mpaka sasa yameandikwa manne.