Makala Elfu Moja Simuni, na Daftari la Baba

Nina ugonjwa ambao sijawahi kusikia ukitajwa hospitalini. Kila jioni nikitoka kazini mjini, nikiwa nimebanwa dirishani ndani ya matatu ya kwenda Umoja, siwezi kuiona makala nzuri kwenye simu nikaiacha ipite. Naibonyeza ihifadhiwe. "Nitaisoma Jumapili," najiambia. Jumapili hufika ikapita, na mimi ninabonyeza nyingine. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2025 zilikuwa zimefika 1,312. Nilizosoma, nikisema kweli, hazikutimia mia.

Zilikuwamo za kila aina: malezi ya watoto, karo, maumivu ya mgongo, jinsi ya kufuga nyuki, historia ya reli, na hata moja ya namna ya kupumzisha akili iliyochoshwa na simu. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama nafikiri nitapewa cheti kwa kuzikusanya. Nilicheka, lakini moyoni nilijiona msomi.

Siku niliyovuliwa usomi huo nilikuwa nyumbani kwa wazazi wangu, upande wa kusini wa Kitui. Ilikuwa mwezi wa Februari, majira ya kuvuna mahindi ya mvua za vuli, ambazo kwetu Ukambani ndizo tegemeo la mkulima. Mwaka huo mvua ilirudi ghafla wakati mahindi yamekauka nusu tu. Usiku wa saa mbili hivi mke wangu akapiga simu kutoka kwao Makueni, nje kidogo ya mji wa Wote, alikokuwa amekwenda kumsaidia mama yake. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Baba watoto, mama ameingiza magunia matano chumbani anakolala. Anasema akiyaacha nje yataibwa. Nimetia mkono ndani ya gunia moja nikahisi joto. Si uliniambia una makala juu ya mambo haya?"

Ninayo! Nilikumbuka vizuri kabisa kuihifadhi. Nikafungua simu. Kwanza nilitafuta kwa neno "mahindi", nikaletewa bei za unga na namna ya kuoka mkate wa mahindi. Nikatafuta kwa neno "kuvu", hakuna kitu. Nilipokumbuka kwamba makala yenyewe ilikuwa ya Kiingereza na kichwa chake kilikuwa cha mafumbo, nilikwisha kupoteza robo saa. Hatimaye nikaipata. Nikaibonyeza. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka. Kwa baba mtandao hupatikana ukipanda juu ya mwamba ulio nyuma ya zizi, na usiku ule mvua ilikuwa ikinyesha. Nilichokuwa nimehifadhi muda wote huo kilikuwa ni kichwa cha habari na anwani yake tu. Makala yenyewe ilikuwa bado iko huko huko mbali ilikotoka.

Baba alikuwa amekaa kimya akinitazama. Ni mwalimu mstaafu, na hapendi kuingilia mambo ya mtu mzima. Mwishowe akauliza, "Unatafuta nini, kijana?" Nilipomweleza, aliinuka, akachukua tochi, akaenda kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Hakukawia hata dakika mbili. Alirudi na daftari kubwa la shule ambalo juu yake ameandika kwa wino mwekundu: CHAKULA NA AFYA.

Tangu ujana wake baba hukata makala za magazeti na kuzibandika kwenye madaftari ya zamani kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Tulipokuwa wadogo tulimwonea haya. Wenzetu nyumbani kwao gazeti kuukuu lilifungia sukari au lilibandikwa ukutani; kwetu ilikuwa ni kosa kubwa kuligusa kabla mwalimu hajapitisha makasi. Kila kipande alikiandika pembeni jina la gazeti na tarehe. "Kisicho na tarehe," alikuwa akisema, "ni karatasi ya kufungia nyama."

Kipande alichonifungulia kilikuwa cha mwaka 2004, mwaka ambao sumu ya aflatoksini, yaani sumukuvu, iliwaangamiza watu wetu. Wakubwa wanaukumbuka. Watu walianza kugeuka manjano macho, tumbo likafura, na wengine hawakurudi kutoka hospitalini. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui. Pembeni mwa kipande kile baba alikuwa ameandika hesabu ya waliofariki, akaikata, akaandika nyingine, akaikata, na kadhalika, kila redio ilipotangaza. Ya mwisho, ambayo haikukatwa, ilikuwa 125. Watu 317 ndio waliohesabiwa kuugua. Chini yake alikuwa ameongeza kwamba mwaka 1981 pia, upande wa Machakos, watu 12 walikufa kwa sumu hiyo hiyo. Niliitazama ile mistari ya kalamu nikasahau simu yangu.

Uchunguzi wa mwaka ule wa 2004 ulionyesha kwamba hatari kubwa ilikuwa kwa waliovuna mahindi yao wenyewe na kuyaweka ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Ndivyo hasa alivyokuwa amefanya mama mkwe. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Baba alikuwa ameandika pia njia ya kupima unyevu aliyofundishwa na afisa wa kilimo: chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu na mahindi, funga, tikisa, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi hayo bado mabichi, unyevu wake umepita asilimia 15. Ya kuwekwa ghalani yanatakiwa yasizidi 13 na nusu.

Sasa likabaki la kumwambia mwenyewe. Msomaji wa pwani au wa magharibi huenda asielewe ugumu wake. Sisi Wakamba tuna kitu tunachokiita nthoni, yaani haya na heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Mimi sikai naye meza moja nikamzungumzia chumba chake cha kulala, seuze kumwambia kwamba chakula alichokilimia kwa jembe chaweza kumuua. Ilibidi nimsomee mke wangu yale maandishi neno kwa neno, naye amwambie mama yake kama yake mwenyewe. Nilisikia mabishano kwa mbali. Mama alikuwa akisema kwamba mwaka ule waliokufa walikula mahindi ya kununua. Kisha nikasikia chupa ikitikiswa. Kisha kimya kirefu.

"Imeshika," mke wangu akasema.

Asubuhi yake magunia mawili yalikuwa yameota kuvu ndani, yakafukiwa shimoni. Hayakupewa kuku wala kupelekwa kwa wapika pombe, ingawa jirani mmoja aliyaomba. Matatu yaliyosalia yalianikwa juu ya turubai, yasiguswe hadi sampuli yake ilipopimwa. Gunia mbili si kitu kidogo kwa mjane. Mama mkwe hakunitaja wala sikutajiwa. Lakini embe zilipoiva niliona kikapu kimefika Umoja.

Niliporudi mjini nilikaa usiku tatu nikifuta. Nilibakisha makala 140, na hata hizo ni nyingi. Siku hizi makala ya maana siihifadhi kama anwani. Napakua ukurasa wote ukae ndani ya simu yenyewe, kazini ambako mtandao ni wa bure, kisha nazima data na kuifungua nione kama kweli imo. Jaribu hilo leo, ewe mwanafunzi unayejiwekea masomo ya kusoma ndani ya basi, utashangaa. Kichwa cha habari nakibadilisha kiwe kwa maneno ambayo ningeyatamka nikiwa na haraka: "Mahindi mabichi – kupima kwa chumvi." Tarehe na ilikotoka navyo naviandika. Iliyokaa mwezi mzima bila kusomwa naifuta bila huruma, isipokuwa ya afya na ya shamba.

Na nisionekane kuisifu karatasi kupita kiasi. Mchwa wa Kitui walimla baba daftari zima la historia, gundi ikiwa ndiyo kitoweo. Simu nayo ina mchwa wake. Pocket, programu iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa kazi hii hii na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilifungwa tarehe 8 Julai 2025. Waliokuwa wakiitumia waliruhusiwa kuondoka na orodha ya anwani zao, si makala zenyewe. Kwa hiyo likizo iliyopita nilikaa na baba siku mbili tukipiga picha kurasa za madaftari yake, moja moja. Aliniuliza mara mbili kama picha hizo zitafunguka mvua ikinyesha.

Mwezi uliopita nilipata makala nzuri kuhusu nzi wa embe. Niliichapisha, nikaipeleka kwa matatu ya Kitui ndani ya bahasha. Jioni baba akanipigia simu. Nilidhani ananishukuru.

"Imefika," akasema. "Lakini hukuandika tarehe."