Niliulizwa, Nikasema Hamna

Nilimlisha pombe mwanamke asiyekunywa pombe. Nikawalisha na wanawe, wazee wake na wageni waliokuja kwenye nikaha ya binti yake. Aliniuliza mapema, nikamjibu kwamba hamna. Sikusahau kumwambia, wala sikuelewa vibaya swali lake. Yote nitakayoeleza hapa chini ni namna nilivyofika pale, na naomba yasichukuliwe kuwa utetezi.

Mimi napika keki nyumbani, Masasi, kwa ajili ya kuuza. Nililelewa na shangazi aliyekuwa mpishi kwenye nyumba za misheni. Waanglikana wa misheni ya UMCA wapo Masasi tangu mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani, na jikoni kwa shangazi urithi wa misheni ulikuwa keki ya matunda ya Krismasi. Zabibu kavu, mananasi makavu na maganda ya machungwa yaliyochemshwa kwa sukari aliviloweka kwenye brandi wiki nyingi kabla ya sikukuu. Brandi ile hatukuihesabu kuwa pombe. Wazee wa kanisa ambao hawagusi uraka, pombe ya mabibo, hata mabibo yanapojaa kila uwanja walikula keki ya shangazi, wakashukuru, wakarudi makwao na amani. Nimekua nikiona hivyo. Pombe ilikuwa kitu cha kilabuni. Ya kwenye keki ilikuwa kiungo, kama mdalasini.

Vitonge vya keki nilivianza baadaye, nilipoanza kuuza. Keki ya matunda haikatiki vizuri, huacha chengachenga nyingi, na kuzitupa ni hasara. Nikawa nazivuruga, nachanganya na jamu na korosho za kukaanga zilizopondwa, nafinyanga vitonge vya ukubwa wa ndimu, navigandisha kwenye friji, kisha navichovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Kazi hii inadai uangalifu. Tone moja la maji likiingia, chokoleti inakatika na kuwa mabonge yasiyochovyeka. Chokoleti yenye siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, na mchana wa Novemba Masasi hauko mbali na hapo, kwa hiyo nilichagua chokoleti ya kuokea yenye mafuta ya mimea, nikafanya kazi alfajiri kabla jua halijapanda. Watu walivipenda. Kwa mji ambao keki ya krimu huporomoka kabla ya adhuhuri, kitu kitamu kinachovumilia safari ya basi ni biashara.

Sasa nieleze brandi ilikaa wapi, maana hapo ndipo uongo wangu ulipojificha. Matunda yaliyolowekwa yalipita motoni pamoja na keki. Lakini chengachenga kavu hazishikani. Ukizidisha jamu, kitonge kinakuwa kitamu hadi kinachosha, tena kinaharibika mapema. Nilichofanya ni kuongeza brandi ileile kutoka kwenye chupa, kijiko kwa kijiko, mpaka mchanganyiko ukubali kufinyangwa. Baada ya hapo hapakuwa na moto tena. Kitonge kiliingia kwenye friji, kikavikwa chokoleti pande zote, na harufu ya kakao ikafunika kila kitu.

Nilikuwa na sentensi yangu, ile ambayo wapishi wengi wanayo: moto unachoma pombe yote. Si kweli hata kwa keki yenyewe. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji, lakini hakitoki chote kwa sababu kimeshikana na maji na matunda. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali linalotumiwa na wapishi duniani: chakula kilichotiwa kilevi na kuokwa saa nzima hubaki na kama robo ya kilevi hicho, kilichotiwa bila moto na kulala usiku mmoja hubaki na asilimia 70. Vitonge vyangu viko kwenye kundi la pili. Jedwali hilo nililisoma baadaye, lakini sikulihitaji. Nilijua nilichomimina, na nilijua kwamba sikukirudisha motoni.

Mwanamke yule niliyemlisha pombe, ninayemwita somo yangu, tulikuwa majirani Masasi kabla hajahamia kwa mumewe Newala. Tumelea watoto pamoja. Idi walikula kwao na kwangu, Krismasi vilevile, na kwa miaka yote hiyo yeye alikula kwangu bila kuuliza, kwa kuwa nyakati zile nilimpikia wali, kuku na maandazi. Desemba ya 2023, korosho zikiwa zimeshalipwa na harusi zikifuatana kama ilivyo kila msimu kwetu kusini, alinipigia simu kuagiza vitonge kwa nikaha ya binti yake. Oda ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Kabla ya kukata simu akasema, "Somo, humo hamna kilevi, eti?"

Nikamjibu, "Hamna, somo yangu. Matunda na chokoleti tu."

Nimejiuliza sana kilichonipata pale. Matunda yalikuwa tayari yamelowa, ndoo nzima, na fedha yangu yote ilikuwa mle. Kuanza upya kulihitaji zabibu nyingine na muda ambao sikuwa nao. Hayo ni kweli, lakini chini yake kuna jambo baya zaidi. Niliona swali lake ni dogo. Niliona vijiko vichache vya brandi ndani ya chokoleti haviwezi kumdhuru mtu, na kwamba nikimwambia nitamtia wasiwasi bure. Yaani nilijipa mamlaka ya kupima dini yake kwa kipimo changu. Yeye hakuniuliza kama vitamlevya. Aliniuliza kama kimo au hakimo, na katika Uislamu kinacholevya hakihalalishwi kwa kuwa kidogo. Nilikuwa nalijua hilo. Nimeishi na Waislamu tangu utotoni. Nusu ya ukoo wa mama yangu ni Waislamu.

Vitonge vilisafiri kwenye deli la barafu, vikapanda mlima hadi Newala vikiwa vizima. Kule juu kuna upepo, hata chokoleti inang'aa vizuri kuliko Masasi. Nilihudhuria shughuli. Niliona sinia likipita kwa akina mama, likaenda kwa watoto, likarudi tupu. Bibi wa bwana harusi, mzee sana, aliomba cha pili. Nilisimama pale nikipokea sifa. Ningeweza kunyanyuka nikalichukua lile sinia, na sikunyanyuka.

Ukweli haukufichuliwa na mtu. Miezi ilipita, somo yangu akanipigia akitaka kumleta binti yake mdogo Masasi nimfundishe vitonge, apate cha kuuza Newala. Nikafikiria kuificha chupa. Nikafikiria hata namna ya kumfundisha mtoto mapishi tofauti na niliyowauzia. Hapo nilijiogopa. Nikamwambia kila kitu kwenye simu ileile, bila kupunguza. Alikaa kimya muda mrefu. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu yeye. Aliuliza, "Na watoto walikula vingapi?"

Nilikwenda Newala na fedha yote ya oda. Niliomba msamaha mbele yake, mbele ya mumewe, na mbele ya wazee wa pande zote mbili za ile ndoa. Somo yangu alikuwa ameshaongea na shehe wa mtaani kwao, akaambiwa kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi. Alinieleza hayo kwa upole. Hakuniambia dhambi iko kwa nani, na hakuwa na haja ya kuniambia. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alitoka kabla sijamaliza, na hadi leo hatusalimiani. Ana haki. Yule bibi alishafariki kabla ya mimi kufika, na msamaha wake sitaupata duniani.

Somo yangu amenisamehe, naye si mtu wa kusema asichomaanisha. Akija kwangu sasa anakunywa maji, akiaga anaondoka. Nikienda kwake ananipa maji pia, na pale Newala, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni na wazee bado wanakumbuka kuyafuata mbali kwa ndoo kichwani, maji ya kupewa si kitu kidogo. Lakini chakula changu hali. Sijamwomba ale.

Vitonge bado napika. Matunda nayaloweka kwenye chai ya rangi ya moto iliyokolea, pamoja na maji ya machungwa, usiku mmoja tu. Chengachenga nazishikanisha na jamu ya mabibo. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakifundisha kwa miaka mingi kwamba bibo linafaa kwa jamu na juisi, na ukali wake unaondoa ule utamu uliozidi uliokuwa ukinifanya niikimbilie brandi. Vitonge hivi havikai wiki nyingi kama vile vya zamani. Siku nne au tano kwenye friji, basi. Brandi haimo tena ndani ya nyumba yangu, hata kwa keki ya Krismasi, na ndugu zangu wanalalamika.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulimaliza kwa kupanda mlima. Kabla ya harusi ile na baada yake niliuza vitonge kwa pakiti ndogo, Masasi mjini, stendi na sokoni, kwa watu nisiowajua majina. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuandika chochote kwenye pakiti. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu, na pengine Wasabato, mama wajawazito, watu waliokuwa wanapigana kuacha ulevi, watoto waliotumwa dukani. Kwenu nyinyi nasema hivi. Kama mlinunua vitonge vya keki ya matunda vya chokoleti, vyenye korosho ndani, vilivyofungwa kwa karatasi nyeupe na uzi mwekundu, katika mwaka 2023 au miezi ya mwanzo ya 2024, vilikuwa na brandi. Nilivipika mimi nikijua. Naomba mnisamehe, na atakayetaka fedha yake aje, nitamrudishia.