ALIYEUMWA NA NYOKA

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii nimeijua tangu darasa la nne, lakini maana yake niliipata mwaka huu, tena kwa aibu.

Ilikuwa siku ya soko hapa Kabati. Mama alikwenda kuuza ndengu, akaniachia ndugu yangu wa miezi 18 na kijitabu chake cha kliniki. "Leo ni chanjo ya pili ya surua. Usikose kumpeleka." Nikaitikia vizuri. Lakini kulikuwa na mechi, nami ndiye golikipa. Nikajiambia, si alidungwa akiwa na miezi 9? Moja yatosha. Jioni nikamwambia mama ati foleni ilikuwa ndefu. Uongo mtupu!

Susu, yaani nyanya yangu, alinisikia. Uso wake una makovu ya ndui tangu utotoni. Hakunigombeza. Aliniita jikoni akasema, "Mjukuu wangu, ndui ilinishika nikapona. Ilipomshika mdogo wangu, mimi ndiye niliyemlisha na kumwosha, maana ilijulikana kuwa haimrudii mtu. Mimi nilibaki. Yeye tulimzika."

Nilikosa la kusema.

Juma lililofuata mwalimu wa Bayolojia alitufundisha kinga ya mwili. Kumbe mwili nao hukumbuka! Ugonjwa mgeni ukiingia, chembe nyeupe za damu huchukua siku nyingi kutengeneza kingamwili za kuushinda. Vita vikiisha, baadhi ya chembe hizo hubaki miaka mingi zikiwa na kumbukumbu. Adui yule yule akirudi, hukabiliwa upesi kabla hajatuangusha. Haziogopi kila ung'ongo. Humjua nyoka wao. Chanjo basi ni nyoka aliyeng'olewa meno: mwili hujifunza bila kuumwa.

Nikauliza, mbona surua ina sindano mbili? Mwalimu akasema kwamba kati ya watoto 100 wanaodungwa wakiwa na miezi 9, wapatao 15 miili yao haishiki somo. Tena surua yenyewe ni mwizi: mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa hufuta kumbukumbu ambazo mwili umejiwekea za magonjwa mengine. Moyo ulinidunda. Je, kama ndugu yangu ni mmoja wa wale 15?

Jioni hiyo niliungama. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa kile kijitabu. Kesho yake alfajiri nilimbeba mtoto mgongoni hadi kliniki. Alilia kidogo tu. Muuguzi akaandika tarehe.

Ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imetokomezwa duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Makovu kama ya Susu hatutayapata sisi.

Wenzangu, sisi wa shule ya kutwa ndio tunaotumwa kliniki na wadogo zetu. Mechi itachezwa tena. Tusingoje nyoka aume ndipo tukumbuke.